Jinsi Tulivyofundishwa Kutafuta Wajomba

Mwaka 1974 maktaba ya mji wa Arua ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha mawili, na mimi nilikuwa mfanyakazi wake wa pili. Wa kwanza alikuwa mkubwa wangu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye alijua kila kitabu kilipo kwa sababu ni vichache vilivyowahi kuondoka mahali pake. Kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi, kugonga muhuri, na kuwaamsha waliolala juu ya magazeti. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la sita tu. Kazi niliipata kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na sijawahi kudai kwamba kulikuwa na sababu nyingine.

Miaka ile watu walianza kuja maktaba kutafuta mababu. Wakubwa wengi wa nchi walikuwa watu wa upande wa Koboko, basi kila aliyetaka kazi au kibali alitaka pia kuwa na babu aliyezaliwa Koboko. Walikuja watu ambao baba zao tuliwajua, na vijiji vya baba zao tulivijua, wakauliza kwa sauti ya chini kama tuna kitabu chenye majina ya wazee wa zamani. Mkubwa wangu aliwapa kitabu cha simu cha Kampala. Wengine walikaa nacho asubuhi nzima, wakashukuru, wakaenda zao.

Sijui ni nani aliyepeleka habari huko juu, lakini barua ilikuja: mwalimu wa wakutubi atafika kutoka kusini, atakaa wiki tatu, atatufundisha kumsaidia msomaji anayetafuta nasaba yake. Mkubwa wangu aliisoma barua mara mbili, akaikunja.

"Wametuona," alisema.

Mimi habari ile ilinigusa mahali pengine. Mume wangu alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Alikuwa fundi wa baiskeli sokoni, na aliugua tumbo siku nne tu. Tulimzika Ayivu, nje kidogo ya mji, kwenye boma la mzee aliyemlea, ambaye mimi nilimwita baba mkwe. Mama yake mume wangu alikuwa amefika hapo miaka mingi nyuma akiwa na mtoto mgongoni. Alisema anatoka Ludara, upande wa Koboko, na zaidi ya hapo hakusema. Akalima, akaugua, akafa, mtoto akiwa bado hajaota meno ya pili. Baba mkwe alimlea kama wake.

Sasa kwetu mtu akifa, wajomba zake lazima waje. Ndio wenye mtoto. Wanakuja, wanagomba, wanapewa mbuzi wao, ndipo ngoma ya mwisho inachezwa na matanga yanaisha. Wajomba wasipokuja, matanga yanabaki wazi kama mlango usio na komeo. Mjane hanyoi mara ya mwisho, haendi kwenye harusi, hachezi. Mimi kucheza sikukujali sana. Lakini nilitaka mume wangu amalizwe vizuri, kama mtu mwenye watu. Na baba mkwe alikuwa ameanza kukohoa.

"Mimi siwezi kufa," aliniambia kila Jumapili, "nikiwa na matanga ya mtu mwingine nyumbani. Watu watachanganya. Watalia mmoja, watasahau mwingine. Nitafutie wale wajomba, mama, nipate nafasi."

*

Mwalimu alifika kwa basi, akiwa na sanduku la bati na viatu vyeupe. Vilikuwa vyeupe siku hiyo moja. Alikuwa kijana mpole wa kusini mwenye miwani, hajaoa, na Kiswahili chake alikisema kama mtu anayetembea juu ya mawe ya mto. Darasani tulikuwa watatu: mkubwa wangu, mimi, na mwenzetu kutoka Ombaci aliyetunza chumba cha kusomea huko, mtu mnyamavu aliyeandika kila kitu, hata mwalimu alipokohoa.

Mwalimu alibandika ukutani karatasi kubwa yenye visanduku. Kimoja chini, viwili juu yake, vinne, vinane.

"Hapa wewe," alisema. "Hapa baba na mama. Hapa babu na bibi. Kila sanduku, mutu moja."

Mkubwa wangu aliinua mkono. "Baba yangu alikuwa na wake wanne."

"Wewe ulizaliwa na moja."

"Nilizaliwa na mmoja, lakini aliyenilea ni wa tatu, na aliyenipa chakula ni wa pili. Niwaweke wapi? Watagomba."

"Walikufa, mzee?"

"Wamekufa. Ndiyo sababu nawaogopa."

Mwalimu alichora visanduku vingine pembeni. Kufikia saa sita karatasi ilikuwa imejaa, akabandika ya pili.

Siku ya pili tulifika kwenye majina. Mwalimu alitaka jina la ukoo, lile ambalo baba humpa mtoto na mtoto humpa mjukuu. Tukamweleza kwamba kwetu hakuna jina la namna hiyo. Mtoto akizaliwa, mama hutazama jinsi watu wa nyumbani walivyomtendea, halafu mtoto hupewa jina la jambo hilo, ili wanaohusika walisikie likiitwa kila siku uani. Mwalimu hakuamini. Akamwomba mkubwa wangu ajaze chati yake kwa maana za majina. Ilikuwa hivi: yeye mwenyewe alikuwa Walininyima Chumvi. Baba yake alikuwa Wanafurahi Nikilia. Shangazi yake alikuwa Ng'ombe Mmoja Tu. Babu yake alikuwa Nitarudi Kwetu.

Mwalimu aliisoma chati kutoka chini hadi juu.

"Mzee, hii ni familia ama ni kesi?"

"Ni familia," mkubwa wangu alijibu kwa fahari. "Mama yake babu hakurudi kwao. Alikaa miaka hamsini akitishia."

Nitasema ukweli, yule kijana nilianza kumheshimu siku hiyo, kwa sababu hakucheka. Alichukua chaki akaandika ubaoni kwamba jina ni ushahidi, na kwamba mkutubi wa huku lazima aulize maana yake. Kisha akaandika sheria yake kubwa, ambayo mwenzetu wa Ombaci aliipigia mstari mara tatu: mkutubi hampi mtu babu. Humwonyesha pa kumtafuta. Na kila neno linaloandikwa, lazima pembeni yake paandikwe nani alilisema na alilijuaje.

Sheria hiyo niliishika kama mtoto anavyoshika mkia wa mbuzi. Wiki ya pili tulianza kuwahudumia wasomaji, mwalimu akitutazama, na mimi niliangukiwa na mfanyabiashara mmoja Mkongo aliyeuza vitenge na mabeseni karibu na soko. Tulifahamiana, mume wangu alikuwa akimtengenezea baiskeli.

"Mama," alisema akikaa, "andika tu. Babu yangu, ule mukubwa, alizaliwa Koboko."

"Nani alikuambia?"

"Mimi."

"Wewe ulijuaje?"

"Nilifikiri."

"Ulifikiri lini?"

Akahesabu vidole. "Tangu Jumatatu."

Nikaandika: *Msomaji anasema babu yake alizaliwa Koboko. Aliyemwambia ni msomaji mwenyewe. Amejua tangu Jumatatu.* Nikagonga muhuri, kwa sababu kugonga muhuri nilikuwa nimezoea, nikampa. Aliisoma akitembeza kidole, akanitazama kwa huzuni.

"Mama, karatasi hii itanifunga jela."

"Basi usiionyeshe."

Hakukasirika. Alikuwa mtu wa moyo mzuri, na alijua shida yangu. Kesho yake alirudi, akainama juu ya meza. "Sikia. Wewe unatafuta mujomba. Mimi sina kazi siku ya Mungu. Mimi nitakuwa mujomba. Nitakuja na batu kumi, nitalia, nitatukana, nitakamata mbuzi. Nani atajua?"

Singekuwa mkweli nikisema nilikataa papo hapo. Nilifikiri siku mbili. Hata baba mkwe nilimwambia, nikitumaini atakasirika, anisaidie kukataa. Alikohoa kwanza.

"Anajua kulia?"

"Anasema anajua."

"Kwa sauti?"

"Baba!"

"Nauliza tu," alisema. "Mtu akose kuuliza?"

Lakini nilipokwenda kumjibu yule Mkongo, nilifikiria mume wangu huko alipo, akimtazama mwuza mabeseni akimlilia, naye anamfahamu vizuri. Angecheka, na kwenye matanga yake mwenyewe. Nikasema hapana.

*

Wiki ya tatu ilikuwa ya mtihani. Kila mmoja wetu alitakiwa kuchukua swali la msomaji mmoja alifuate mpaka mwisho, na mwalimu aende naye kumpa alama. Nilimwambia mwalimu kwamba msomaji wangu ni mimi. Nikamweleza yote. Akaniuliza kwa upole nina nini mkononi. Nilikuwa na vitu vitatu: Ludara; jina la mume wangu, ambalo lilikuwa la lugha ya Koboko na ambalo sisi wa Ayivu tulikuwa tukiliita tu bila kujua maana yake; na jambo moja aliloniambia baba mkwe, kwamba mama wa mume wangu alikosa ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto.

"Ile ya kidole, usiseme," mwalimu alinionya. "Ngoja wao waseme. Ndiyo ushahidi."

Tulipanda lori la muhogo mpaka Koboko. Ilikuwa masika na njia ilikuwa uji. Kutoka Koboko tukaenda kwa miguu. Sokoni Ludara tuliuliza, kama tulivyofundishwa, nani wazee kuliko wote, tukaelekezwa kwenye boma la ndugu wawili wenye nywele nyeupe, waliokaa kila mmoja mbele ya nyumba yake wakipeana migongo. Dada yao mzee alikuwa uani akipepeta mtama. Tulipewa viti. Nikafungua daftari, nikauliza vizuri kabisa, kama ilivyoandikwa ubaoni: baba zenu ni akina nani, mama zenu walitoka ukoo gani, mama za baba zenu walitoka wapi.

Wazee wakaguna. Yule mkubwa akatazama viatu vya mwalimu. Kisha akaita kitu kwa lugha yao, na nikaona mbuzi wakifukuzwa uani, uwanja unafagiwa, kuku anakimbizwa nyuma ya ghala. Muda si muda alitokea msichana mrefu, amepakwa mafuta, akapiga magoti kumwamkia mwalimu, akaondoka polepole kuliko alivyokuja.

Ndipo nilipoelewa. Huku kwetu maswali yale huulizwa kwa sababu moja tu. Anayetaka kujua mama wa baba yako alitoka ukoo gani anaangalia kama damu zinagongana. Anataka kuoa. Wiki tatu tulikuwa tumefundishwa kuuliza maswali ya uchumba, na sisi watatu wenyeji wa mkoa ule wa West Nile, wote watatu, hakuna aliyemwambia mwalimu, kwa sababu darasani hatukuyasikia kama maswali. Tuliyasikia kama masomo.

"Huyu ni mtoto yako?" mzee mkubwa aliniuliza, akimwonyesha mwalimu kwa kidevu.

"Ni mwalimu wangu."

"Mwalimu. Mzuri. Iko na mshahara." Akamgeukia. "Wewe ukoo yako gani?"

Mwalimu, ambaye hakuelewa lolote bado, alifurahi kuulizwa. Watu wa kwao wanajua koo zao vizuri. Alinyoosha mgongo. "Mimi ni wa ukoo wa uyoga."

"Uyoga ile ya kula?" aliuliza mzee mdogo, akigeuka kwa mara ya kwanza.

"Ndiyo. Sisi watu ya uyoga hatuwezi kula uyoga. Ni ndugu."

Wakati huohuo dada yao alitoka jikoni na chakula cha mgeni. Ilikuwa masika, kama nilivyosema. Juu ya ugali kulikuwa na uyoga wa kichuguu, mkubwa, mweupe, umepikwa kwa simsim, yaani ufuta. Alimwekea mwalimu bakuli mbele yake. Mwalimu alilitazama kama mtu aliyeonyeshwa shangazi yake.

"Kula, mukwe," alisema yule mama.

"Siwezi, mama."

"Hapana kula ya mimi?"

"Ni ukoo yangu, mama."

Mzee mdogo alipiga paja. "Sisi tumepika babu yake!" akapiga kelele, na uani pote watu wakaanguka kwa kicheko. Mzee mkubwa hakucheka. Alikuwa akifikiria mambo ya mbele. "Mutoto yetu akiolewa huko," aliuliza taratibu, "na watoto yake watakuwa uyoga?"

"Watakuwa," alijibu mwalimu kwa ukweli. "Lakini, mzee, mimi sijaomba..."

"Ameanza kukataa!" alisema mzee mdogo. "Ameona msichana, amekula macho, sasa anakataa!"

Sikuona njia nyingine. Nilikuwa nimefunga kitambaa kichwani. Nikakifungua, nikakiweka juu ya daftari, wakaona kichwa cha mjane ambacho hakijanyolewa mara ya mwisho. Kicheko kiliisha kama maji yaliyomwagwa mchangani.

"Mnisamehe, wazee," nilisema. "Hakuna harusi. Nimekuja kwa ajili ya maiti."

Nikataja jina la mume wangu.

Yule mama mzee aliketi chini pale pale alipokuwa, na kijiko mkononi. Aliniuliza kama najua maana yake. Nikasema sijui. Akanieleza. Jina lile kwa lugha yao linasema: Hawakuja.

Nilikuwa nimemwita mume wangu hivyo miaka kumi na moja. Njoo ule, Hawakuja. Hawakuja, funga mlango.

"Nani hawakuja?" aliuliza mwalimu kwa sauti ndogo, kalamu ikiwa tayari. Mwalimu ni mwalimu.

"Hawa," alisema yule mama, akawaonyesha kaka zake kwa kijiko. "Dada yetu alizaa kwa mume yake. Alituma neno waje kuona mutoto. Siku ya nne, ile ya kupa mutoto jina, watu wote wamekaa, wanangoja kaka zake. Hapana kuja."

"Mto ulikuwa umejaa," alisema mzee mdogo haraka.

"Ilikuwa kiangazi," alisema mzee mkubwa, bila kumtazama.

"Wewe ndiyo ulisema mto umejaa!"

"Nilisema. Lakini ilikuwa kiangazi." Akafuta uso kwa kiganja. "Alikwenda kwa yule mwanaume bila kutuuliza. Nilikuwa na hasira. Nilisema ngoja aone. Baadaye mume akafa, yeye aliona haya kurudi kwetu. Nilisikia amekwenda upande wa Arua. Sikufuata."

Nilitamani kuwakumbatia wote wawili, lakini nilikuwa na sheria. Nikauliza: dada yenu alikuwa na alama gani mwilini?

Wazee walifikiri. Mmoja akasema alikuwa mrefu, mwingine akasema mfupi, wakaanza kugomba. Yule mama alinyanyua mkono wake wa kushoto, akashika ncha ya kidole kidogo.

"Hii hapana," alisema. "Jembe yangu ilikata. Tulikuwa wadogo, tunachimba panya."

Mwalimu aliandika. Kisha akavua miwani yake, akageuka upande wa ghala.

Kuku aliliwa na mimi na wazee. Mwalimu alipewa ndizi. Kwa mtihani ule alinipa alama nzuri, akapunguza kidogo kwa sababu nilifungua kitambaa kabla ya kumaliza maswali.

*

Wajomba walikuja Ayivu baada ya mavuno, watu ishirini na zaidi, na walianza kutukana tangu kwenye njia ya baiskeli. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mlimuua mtoto wetu! Mlimlisha nini? Mbona kaburi limeinama? Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona. Baba mkwe alisimama mlangoni na fimbo yake, amevaa koti, akijibu tusi kwa tusi, na sijawahi kumwona mzee akifurahi vile. Walimkataa mbuzi wa kwanza kwa sababu ya ubavu, wa pili kwa sababu ya jicho. Walipomkataa wa tatu baba mkwe alitabasamu wazi kabisa. "Hawa ni wajomba kweli," aliniambia pembeni. "Yule Mkongo angechukua wa kwanza."

Ngoma ilichezwa siku mbili. Nilicheza. Ninacheza vibaya, na hakuna aliyenisitiri.

Siku ya pili jioni, jua likiwa bado juu ya mihogo, yule mzee mkubwa wa Ludara alikuja akaketi karibu nami. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia na kutukana. Akaniomba nimweleze. Alisema amelia siku mbili na hajui anamlilia mtu wa namna gani.

Niliona macho yake, nikajua anachotaka kusikia. Lakini sikujua kusema kingine ila kilichokuwapo. Nikamwambia kwamba kazi ya mume wangu ilikuwa nzuri ila kila baiskeli aliyotengeneza ilibakiza skrubu moja, na alimwambia mwenye baiskeli kwamba ilikuwa ya ziada. Kwamba hakunipiga hata siku moja. Kwamba alikuwa na hasira za polepole. Ukimkosea leo, ananyamaza wiki nzima, halafu anasema sababu isiyo yenyewe. Kwamba mwaka mmoja alikataa kwenda kwenye harusi ya rafiki yake, akasema njia imeharibika, na njia ilikuwa kavu kabisa.

Mzee aliinamisha kichwa. Mabega yake yalianza kutikisika, na kwa muda sikujua kama analia au anacheka.

"Huyo," alisema hatimaye, akishika goti langu, "huyo ni wetu kabisa."